Saumu ya Kaunti Tatu

Roslyn Tabachnik alikuwa katibu wa Sherehe ya Kiangazi kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo mwenyekiti alikuwa wifi yake, Estelle Weinrib. Estelle alikata utepe, Roslyn alikata vitunguu. Estelle alihutubia, Roslyn alipanga viti. Mwaka huu Estelle akafanyiwa upasuaji wa goti, akauachia uenyekiti shingo upande, na kamati ikampa Roslyn. Kwa majaribio tu, Estelle alisema kutoka kitandani, utadhani anamwazima mtu gari.

Roslyn aliitaka sherehe hii ifane mpaka akakosa usingizi. Ikifana, kiti ni chake. Ikiharibika, anarudi kwenye vitunguu mpaka siku ya kuzikwa.

Kupanga tarehe katika Baraza la Wayahudi la Kaunti Tatu ni kazi ya kuvunja ndoa. Wajumbe kumi na mmoja walikaa jikoni kwa Roslyn mwezi wa pili, theluji ikianguka nje, wakala keki yake na kukataa kila Jumapili aliyoitaja. Hii ina mashindano ya gofu. Hii ndiyo siku ya kwenda kuwaona wajukuu kambini. Hii Barry, daktari wa meno, anamwoza binti yake. Ilibaki Jumapili moja, mwishoni mwa Julai, nyeupe pe. Hakuna harusi, hakuna karamu, hakuna mtu katika kaunti zote tatu aliyekuwa na jambo siku hiyo wala wiki za karibu yake. Roslyn aliiona ni zawadi kutoka mbinguni. Akaizungushia duara jekundu, na mikono yote kumi na mmoja ikainuka.

Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini Wayahudi wote wamekosa harusi kwa wakati mmoja.

Rabi Yonah, ambaye angejua, alikuwa likizo ya nusu mwaka. Alirudi Jumatano ya wiki yenyewe, akasimama kutia mafuta, akaona bango limebandikwa kituoni: Njoo Ule, Njoo Ucheze. Akasoma tarehe. Akasoma tena. Alimpigia Roslyn simu pale pale, na alikuwa mpole sana, jambo lililomtia Roslyn hofu kuliko ukali.

"Bi Roslyn, Jumapili ni Tisha B'Av."

"Tisha B'Av ya nani?"

"Yetu sote, Bi Roslyn."

Siku ya kulilia Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa mara mbili, na wiki tatu kabla yake Wayahudi hawaozi. Siku ambayo Myahudi, tangu jua la jana yake litue mpaka litue tena, hali, hanywi, hasikilizi muziki, havai viatu vya ngozi, na hata kumsalimu mwenzake hamsalimu. Roslyn alikuwa ameagiza bendi na nyama ya watu mia mbili.

Kamati ilikutana Alhamisi. Sasa, ukweli ni kwamba jikoni mle hakuna mtu aliyeifunga siku hiyo tangu utotoni, na nusu yao wasingeweza kukwambia inaangukia mwezi gani. Lau mtu mmoja angesema hivyo waziwazi, wangecheka, wangeona haya kidogo, na mambo yangekwisha. Lakini Estelle alifika kwa magongo yake, akashusha pumzi ndefu, akasema kwamba katika nyumba ya marehemu baba yake, siku ya Tisha B'Av hata paka hakuonja maziwa.

Sheldon, mume wa Roslyn na kaka yake Estelle, aliyelelewa katika nyumba hiyo hiyo, alifungua kinywa. Yeye alimkumbuka marehemu baba yao siku kama hiyo akiwa na soseji mkononi. Dada mtu akamkata jicho, naye akakifunga.

Basi ikawa mashindano. Mwenyekiti wa mambo ya sinagogi akasema yeye hajawahi kuacha kufunga. Mweka hazina akasema yeye huanza kufunga saa mbili kabla, kwa tahadhari. Barry akasema tayari anaisikia njaa. Na Estelle, baada ya kuwasikiliza wote, akatangaza kwamba Jumapili saa kumi atasimama mbele ya jumuiya nzima na kupendekeza uenyekiti apewe mtu anayeijua kalenda.

Kuahirisha haikuwezekana. Uwanja ulishalipiwa, meya alishaalikwa, na kugeli kumi na nane za mashindano, zile tambi za mayai zinazookwa na jibini na zabibu kavu, zilishaingia oveni. Ikaamuliwa sherehe iendelee, ila kwa huzuni. Chakula kitafunikwa, kila mtu abebe chake akafuturie nyumbani. Bendi itakaa jukwaani kimya. Mashindano ya kugeli yataamuliwa kwa macho.

Roslyn alitegemea watu thelathini. Walikuja mia tatu. Hata waliohamia mji mwingine walirudi, maana nani angekubali kukosa siku ya kuonekana amefunga? Walikuja na ndala na raba, wakikaa mikao ya kuinua miguu ili kila mtu aone kuwa hakuna ngozi. Waliogombana miaka tisa iliyopita juu ya maegesho ya sinagogi hatimaye walipata sababu ya kidini ya kutosalimiana. Meya, masikini ya Mungu, alipita akiwapungia mkono na kuwatakia mchana mwema, na watu mia tatu wakamtazama kama mtu aliyecheka matangani.

Jua lilikuwa kali. Ilipofika saa nane Roslyn akagundua kwamba meza zinapungua. Vifuniko vya foili vilikuwa mahali pake, lakini vimelala bapa. Watu walikwenda kwenye magari kuchukua kofia, wakarudi bila kofia, mashavu yakienda. Mweka hazina alikuwa nyuma ya hema, uso kwenye turubai, akisali kwa bidii, na haradali imemganda ndevuni. Barry alikaa chooni dakika ishirini na sahani. Kila mtu alikula, na kila mtu alirudi uwanjani na uso wa msiba.

Roslyn mwenyewe alikuwa hajala, na tusimpe sifa asizostahili. Nia ya kufunga hakuwa nayo. Jumamosi jioni, kwa hofu, aliisogeza sahani kando bila kuigusa. Alipanga alfajiri ajikaangie mayai mawili pazia likiwa limefungwa, lakini wafunga hema walimpigia simu kabla hajapata hata kikaango, na tangu hapo macho ya watu hayakumwacha. Sasa masikio yalikuwa yanamvuma.

Saa kumi ilipokaribia alienda kwenye maegesho kujizoeza maneno ya kujitetea. Huko akaliona gari la Estelle, injini inanguruma, vioo vimepandishwa. Estelle alikuwa ndani, na sinia mapajani. Roslyn alilitambua sinia hilo kwa mpini wake ulioungua. Ilikuwa kugeli yake. Ilikuwa imebaki nusu.

Kwa miaka ishirini, kwenye kila meza ya ukoo, mbele ya kila mgeni, Estelle alikuwa akisema kugeli ya Roslyn ni kavu.

Roslyn alifungua mlango, akaketi kando yake.

"Wifi," alisema.

Estelle alimeza. "Funga mlango, ubaridi unatoka."

Akaufunga.

"Ni dawa za goti," Estelle alisema. "Hazinywewi tumbo likiwa tupu."

"Nusu sinia?"

"Ni vidonge vikubwa."

Roslyn alimuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, saa kumi atasimama kuwaambia nini watu. Estelle aliitazama midomo ya wifi yake iliyokauka, kisha akatoa uma wa plastiki kwenye kidroo cha gari, akamnyooshea.

"Kula basi. Macho yamekuingia ndani. Nani atakuona?"

"Wewe utaniona."

Harufu ya mdalasini ilijaa gari zima, na mate yalimjaa Roslyn mpaka akaona aibu. Lakini alimjua wifi yake. Tonge moja tu, na watakuwa wawili, na Estelle atakuwa na la kusimulia mpaka mwisho wa dunia. Akaurudisha uma kidrooni. Kisha, kwa kuwa pengine asingepata nafasi nyingine maishani, akauliza.

"Niambie basi. Ni kavu?"

Estelle aliliangalia sinia. Akajifuta midomo.

"Kidogo," alisema.

Saa kumi Estelle alipanda jukwaani kwa magongo, akasubiri mpaka watu wakatulia. Roslyn alisimama karibu naye, mahali pa mshitakiwa, akiomba ardhi isimzungukie.

"Ndugu zangu," Estelle alisema, "nilikuja na maneno makali juu ya wifi yangu. Lakini nimeshinda na njaa tangu jua la jana lilipotua, na njaa imenilainisha moyo. Saumu inafundisha kusamehe. Kiti namwachia yeye."

Wanawake walifuta machozi. Mweka hazina alisema hajapata kuona moyo kama huo, na akapendekeza Estelle awe Mama wa Jumuiya maisha yake yote. Mikono mia tatu ikapanda. Roslyn naye akainua wake, afanyeje, na kule kuuinua tu kukamtia kizunguzungu, akapepesuka.

Estelle alimdaka mkono. Alimshika vizuri, kama dada, mbele ya watu wote, na kuinamia kipaza sauti.

"Mleteeni maji," alisema kwa huruma. "Si kila mtu anaiweza saumu."

Uwanja mzima ukamsikitikia. Mtu akaleta kikombe, Barry akamshikia kichwa, na Roslyn, mwenyekiti wa Sherehe ya Kiangazi, akanywa.