Mishikaki ya Jabe

Mimi nimechoma nyama Kigoma, pale Mwanga, miaka thelathini na moja. Si mtu wa kujisifu, lakini kaulize. Waliokula kwangu wakahamia Dodoma, wakirudi likizo wananitafuta kabla hawajaenda kusalimia mama zao. Mtu mmoja tu hakuwahi kunisifu, naye nilikuwa nalala naye chumba kimoja miaka yote hiyo. Kaltum, mke wangu, alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Jabe, kwenye duka la vitambaa la baba yake. Kila nikimpelekea sahani yake atakula, atamaliza, halafu atasema, "Nzuri. Lakini si kama ya Jabe."

Lo! Neno hilo lilikuwa linaniunguza kuliko makaa. Nikimuuliza huko Jabe wanatia nini, anacheka. "Twende ukale mwenyewe, utajua." Nami jibu langu lilikuwa lilelile: "Jiko nimwachie nani?" Tutaenda mwakani, tutaenda baada ya Idi, mpaka mwaka huu Mungu akamchukua. Arobaini ilipopita nikafunga jiko, nikapanda gari la Manyovu kuelekea mpakani. Nilitaka kujua jambo moja tu kabla na mimi sijafa: nyama yangu ilikosa nini?

Bujumbura sikuwa na mtu. Ndugu zake Kaltum waliuza duka zamani, wametawanyika, Maskati huko na Ubelgiji. Nikapata chumba, na dereva wa teksi mmoja anaitwa Bonfils, kijana wa maneno mengi.

"Muzee, we tulia," akaniambia. "Nyama ya Buja yote mi naijua."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa anajisifu mwenyewe. Nilimtajia Jabe, akasema nyama tamu siku hizi iko ziwani. Siku ya kwanza akanipeleka Kajaga, ufukweni, viti vyeupe mpaka majini. Mama mwenye pahali pale, Léoncie, akaja na maji ya kunawa.

"Muko wangapi, muzee?"

"Mmoja."

"Unangoja mutu?"

"Simngoji mtu, mama. Mbuzi kachinjwa na nani?"

Akaniambia anachinjiwa na Mwislamu wa Buyenzi kila asubuhi. Sawa. Akaleta mishikaki, ndizi za kuchoma, na sahani mbili. Nikamrudishia moja, akaiacha palepale. Nyama nje imeungua, ndani mbichi. Ningekuwa na hasira za ujana ningemfuata jikoni.

Siku ya pili Ruziba. Huko wakanipa samaki! Mukeke, wanamwita, na Bonfils anamsifia kama kashuka mbinguni, kumbe ni mgebuka uleule wetu wa Kigoma. "Nimesema nyama!" nikamfokea. Meza zote zilikuwa na watu, watatu, wanne, wanacheka kwa Kirundi na Kifaransa. Mimi nilikaa na samaki wangu ananitazama. Nilijisikia mpweke sana siku ile, nasema kweli. Nikamkumbuka Kaltum.

Siku ya tatu nikamwambia Bonfils anipeleke Jabe, basi, hadithi ziishe. Nyuma ya soko kuna mzee anaitwa Nawaf, ndevu nyeupe, jiko lake refu la bati. Baba yake alichoma palepale. Nikaagiza mishikaki miwili, nikachomoa kipande, nikatafuna taratibu kwa ulimi wa fundi. Chumvi. Tangawizi. Ndimu kidogo.

Vitu vilevile vyangu! Na moto wangu mzuri kuliko wake.

"Ni hii tu?" nikapaza sauti. "Miaka yote hiyo ninadharauliwa kwa ajili ya hii?"

Nawaf akaja, akipangusa mikono. Nikamweleza yote: Kaltum, duka la vitambaa, "si kama ya Jabe". Hakukasirika. Akaangalia sahani yangu.

"Nani amekuchomolea?"

"Kunichomolea nini?"

"Nyama, kwenye chuma."

"Mwenyewe. Nina mikono."

"Eee, ndiyo maana. Hapa kwetu mutu hajichomolei mwenyewe, muzee. Mwenzako anakuchomolea, na we unamuchomolea. Angalia."

Nikageuka. Meza ya jirani mama mmoja ameshika chuma kwa kipande cha mkate, anavuta nyama, anamwekea mumewe. Mume naye anavuta chake, anamwekea yeye. Kule wazee wawili, hivyohivyo, bila hata kuacha mazungumzo yao.

Ya Rabbi. Nikamwona Kaltum amekaa na sahani yake kibarazani, mishikaki haijaguswa, ananitazama. Kila siku alikuwa anakaa hivyo kwanza. Nilidhani anangoja ipoe. "Kula bwana, itakuwa baridi!" namwambia, halafu huyo, narudi kwa wateja.

"Kwa nini hakuniambia?" nikamuuliza Nawaf. "Mdomo alikuwa nao!"

"Ya kuomba haiko sawa na ya kupewa," akasema.

Akanawa mikono, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Akachukua chuma changu kilekile, akachomoa kipande, akaniwekea.

"Sema bismillahi."

Nikala. Mbuzi yuleyule, chumvi ileile, na wallahi ilikuwa tamu kama alivyosema Kaltum. Nikalia mbele za watu, mzee mzima, na Bonfils mlangoni hajui aangalie wapi.

Nawaf alikuwa anangoja. Nikashika chuma cha pili, nikachomoa kipande cha kwanza nikamwekea. Mtu ambaye nimemjua nusu saa nikampa kile nilichomnyima mke wangu miaka thelathini na moja.