Pumzi Kabla ya Wimbo

Mzee Spika alishuka kwenye teksi mbele ya duka la redio akiwa ameikumbatia amplifaya yake kifuani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, na dereva alipotaka kumsaidia akakataa kwa kichwa tu. Jina hilo alipewa na majirani. Alikuwa fundi seremala mstaafu, na sebuleni kwake zilisimama spika mbili za kumfika kiunoni, alizozichonga kwa mikono yake. Ukimsalimia vizuri angekusimulia habari za spika hizo mpaka chai yako ipoe. Watu walimtania, naye alipenda kutaniwa. Siku hiyo hakuwa na utani na mtu. Kwapani, ndani ya taulo, alikuwa na santuri moja.

Aliyeimba kwenye santuri hiyo ni mkewe, enzi za usichana wake, alipokuwa mwimbaji wa bendi ya kiwanda cha nguo. Bendi ilivunjika, kiwanda kikafungwa, gramafoni ya zamani ikaharibika ikatupwa, na santuri ikabaki kabatini bila mtu kuijali. Waijalie nini, na mwenye sauti yumo ndani? Aliimba akifua, aliimba akipiga pasi, aliimba hata katikati ya ugomvi, mume akashindwa kununa. Kisha uvimbe ukamwota kooni. Madaktari wakaondoa koromeo, na sauti ikaenda nalo. Sasa alipumua kupitia tundu dogo chini ya shingo, alilolifunika kwa kitambaa chepesi, na alizungumza kwa midomo mitupu. Mumewe alijifunza kuisoma, polepole, kwa makosa mengi.

Mwanamke hakulalamika. Aliyeshindwa ni Mzee Spika. Ukimya wa nyumba ile ulimkaba, akawa anawasha redio asiyoisikiliza ili mradi kuwe na mtu anayesema. Ndipo akaikumbuka santuri, akaapa kumrudishia mkewe sauti yake. Hakumuuliza kama anaitaka. Zawadi haiulizwi, alijiambia, na furaha ya kuificha ikamtia nguvu ambazo hakuwa nazo tangu siku ya upasuaji.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani kaiweka juu ya kichwa, aliyerithi kwa babake kazi ya kutengeneza redio. Aliigeuza amplifaya, akakagua matundu ya nyuma, akasema alichokuwa akikiogopa Mzee Spika: chombo hiki kilitengenezwa wakati watu wamekwisha kuzitupa santuri zao, kina mahali pa redio na pa kaseti, lakini hakina mahali pa santuri. Sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, lazima ipite kwanza kwenye kisanduku cha kuikuza. Akamwekea mashine mbili za kupigia santuri mezani. Ya kwanza ilikuwa na kisanduku hicho ndani kwa ndani, na sindano nene. Ya pili ilikuwa na sahani nzito, mkono mwepesi na sindano nyembamba, na kisanduku chake kilikaa pembeni. Wakazijaribu zote kwa santuri ya dukani, maana ile ya kwenye taulo Mzee Spika hakukubali isikike kwingine kabla ya nyumbani kwake.

Mashine ya kwanza ilikuwa na sauti nzito, tamu, kama mtu anayeimba nyuma ya pazia. Mwenye duka alimshauri achukue hiyo, inasamehe mikwaruzo na haina usumbufu. Mzee Spika akaguna.

"Na hii ya pili?"

"Hii haifichi kitu, mzee. Na spika kama hizo unazonisimulia, utamsikia mwimbaji hata akivuta pumzi."

"Basi ndiyo ninayoitaka."

Mwenye duka akamuuliza ni nani anayeimba kwenye hiyo santuri ya kwenye taulo. Ni mke wangu, Mzee Spika akajibu.

"Mungu amrehemu," akasema mwenye duka, na miwani akaivua kichwani.

"Yu hai," akasema Mzee Spika. Jibu lilichelewa kutoka, naye mwenyewe akalisikia kuchelewa kwake.

Nyumbani alihangaika mchana kutwa. Aliweka meza sawa kwa pimamaji lake la useremala, akasawazisha uzito wa mkono wa mashine, akahamisha spika huku na huku akizisukuma kwa goti. Mkewe alimtazama kutoka mlangoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko, midomo ikiuliza ni ugomvi gani tena ameununua. Hatimaye akamketisha kwenye kiti katikati ya spika, akashusha sindano.

Ulianza mkwaruzo, likafuata gitaa. Kisha, kabla ya neno la kwanza, ikasikika pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya kinywa kilicho wazi, ya msichana anayejua kwamba hewa yote ya chumba ni yake. Na hapo akaimba. Loo, Mzee Spika alilia bila aibu. Sauti ilisimama pale katikati, kwa kimo cha mtu, na macho yake yakaenda pale iliposimama. Alichelewa kukumbuka kiti. Alipokitazama, mkewe alikuwa ameshika kitambaa cha shingoni, kinywa wazi, akijaribu kuvuta pumzi pamoja na yule msichana, na kinywani hapakuingia kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni. Akampapasa mumewe begani, akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mume akamfuata mpaka kwenye kamba, akamuuliza kama hakuipenda.

"Yule msichana anaimba vizuri," midomo yake ikasema.

Mzee Spika aliumia. Akasema atairudisha mashine dukani, mkewe akamkataza, na wimbo haukupigwa tena mkewe akiwepo. Wiki iliyofuata mkewe alipokwenda sokoni, akaupiga mara moja tu. Akaja akaupiga kila mkewe alipotoka. Baadaye, na hili ndilo lililomtia aibu kuliko yote, alianza kumhimiza atoke. Hukusema utakwenda kumwona dada yako? Huoni hali ya hewa ilivyo nzuri leo, mama? Akisimama dirishani amwone akikata kona, moyo ulimdunda kama wa kijana. Na jioni wakikaa mezani, midomo ya mkewe ikianza kusema, macho yake yalichoka upesi yakaangukia sahani. Alimkumbuka mkewe. Alimkumbuka mpaka kifua kinauma, naye mkewe amekaa mbele yake anakula.

Siku moja mkewe alikuta kliniki imefungwa, akageuza njia. Mzee Spika hakuusikia mlango. Sauti ilikuwa imeijaa nyumba. Alipoinua macho, mkewe alikuwa amesimama kizingitini na mkoba wake, na haikujulikana alikuwa hapo tangu lini. Mume akaruka kama mtu aliyefumaniwa, akaunyanyua mkono wa mashine, na nyumba ikanyamaza.

"Nilikuwa nasafisha sindano," akasema, mtu mzima na mvi zake.

Alitamani mkewe amkasirikie. Alitamani avunje kitu, atupe kiatu, santuri ile aikanyage. Mkewe akaweka mkoba chini taratibu. Hakwenda kwenye kiti cha katikati. Alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, wanapokaa watu wasiokaa sana, mikono mapajani. Midomo yake ikacheza, na Mzee Spika akajilazimisha kuitazama, akaisoma mpaka neno la mwisho.

"Usimkatize. Mwache amalize."