Upande Mmoja wa Turbo

Nakhumicha alishika ncha ya shafti kwa vidole viwili, akaisukuma juu, akaivuta chini. Haikucheza. Akaizungusha, ikazunguka kimya na kusimama yenyewe. Alirudia mara tatu kwa sababu hakuamini, kisha akaifunika upesi kwa kitambaa safi, maana lori la mchanga lilikuwa linakata kona ya mtaa wa Huruma na vumbi lake lilikuwa linaelekea gerejini.

"Imeshika?" Hodan aliuliza. Alikuwa amesimama hapo tangu saa moja asubuhi, funguo za gari mkononi.

"Imeshika. Lakini bado."

"Bado nini tena, fundi?"

Turbo hiyo, ya kusukuma hewa ndani ya injini, ilikuwa imetoka kwa magari matatu. Gamba lilikuwa la gari la Hodan mwenyewe. Shafti, pamoja na feni yake ya upande wa moshi, ilitoka kwa pikapu iliyobingirika, ambayo mwenye skrapu alikuwa anaikata vipande. Feni ya upande wa hewa ilitolewa kwa turbo nyingine kuukuu iliyopasuka. Bushi na ringi pekee ndizo zilizokuwa mpya. Tangu turbo ilipokufa Jumatatu jioni, Hodan alikuwa ameulizia mpya mjini, na kila duka bei ilikuwa imepanda kuliko duka la kabla yake. Duka la mwisho alitoka bila kuaga.

Gari lake, Hiace ya dizeli ya zamani, kila Jumatatu na Alhamisi lilichukua wagonjwa wanne wa figo kutoka Kapseret na vijiji vya mbele yake, likawafikisha hospitali mjini kusafishwa damu. Leo ilikuwa Alhamisi. Zamu yao ilianza saa tisa alasiri.

"Hii kitu inazunguka mara laki moja kwa dakika," Nakhumicha alisema. "Shafti na hiyo feni ya hewa hazijawahi kukaa pamoja. Upande mmoja ukizidi na uzito wa punje ya mchanga tu, inakula bushi. Bushi ikiisha, oili inaingia kwa injini, na injini inaanza kujiendesha na hiyo oili. Unazima na funguo, inakataa kuzima. Na wewe uko na wagonjwa ndani."

"Sasa tunafanya nini?"

"Kuna mashine ya balansi, ya kusawazisha uzito. Iko pale chuo cha ufundi. Nikiwahi, saa sita nitakuwa nimerudi."

Alifunga turbo ndani ya kitambaa, akaitia kwenye kikapu, akasimamisha boda boda. Njia nzima alikishika kikapu kifuani. Kila tuta alilihisi kwenye meno.

Mashine ilikuwa kwenye kona ya karakana ya chuo, imefunikwa nailoni. Miaka miwili iliyopita ilizinduliwa kwa hema na hotuba. Byron, mwalimu wa magari, aliifunua kidogo akaifunika tena.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Hatujawahi kuiwasha. Wale wa kutufundisha walisema watarudi."

"Mimi naijua. Nairobi nilifanya kazi na kama hii miaka sita, mpaka mwenye gereji akafunga."

Byron alimtazama mikono, iliyokuwa myeusi hadi kwenye viwiko. "Basi twende kwa Madam. Na leo ndio leo, mama. Kesho tunafunga, likizo ya wiki tatu."

Mildred, msimamizi wa karakana, alikuwa anakula mandazi huku akipiga mihuri kwenye fomu. Alimsikiliza Nakhumicha mpaka mwisho, bila haraka.

"Cheti?"

"Nilifanya mtihani wa ufundi, grade test, miaka minne iliyopita, Madam. Nilipita. Slip ya matokeo ni hii."

"Slip si cheti."

"Cheti hawajatuma. Nimeenda kuuliza mara tano. Wananiambia iko Nairobi."

"Basi ngoja itumwe."

"Madam," Byron aliingilia, "anaweza kuwaonyesha wanafunzi. Kama demonstration tu. Na sisi pia tujifunze."

Simu ya Mildred iliita. Aliinuka nayo akaelekea chumba cha mikutano. "Sijasema ndio," alisema mlangoni.

"Hajasema hapana," Byron alinong'ona, akachukua ufunguo ukutani.

Nakhumicha aliiweka shafti mahali pake, akaunganisha bomba la upepo. Wanafunzi kumi na watano hivi walimzunguka. Mashine ilipovuma, namba ikatokea kwenye kioo, nyekundu. Aliisimamisha, akaweka alama ya chaki kwenye feni ya upande wa moshi, akakwangua chuma kidogo sana mgongoni mwake, akawasha tena. Bado nyekundu. Jasho lilikuwa linamwingia jichoni na hakuthubutu kulifuta kwa mkono wenye vumbi la chuma. Mara ya tatu namba ikageuka kijani.

"Huo ni upande mmoja," aliwaambia wanafunzi. "Unaondoa kidogo kuliko unavyotaka. Ukizidisha, hakuna kurudisha."

Aligeukia upande wa hewa. Namba yake ilikuwa kubwa mara mbili. Alikwangua, akawasha. Ikashuka. Alikwangua tena, akanyoosha kidole kuwasha, na karakana yote ikazimika.

Mildred alikuwa amesimama kando ya swichi kubwa ya ukutani.

"Hiyo mashine ni ya serikali," alisema. "Ikivunjika leo, nani ataandika ripoti? Byron, ni wewe? Aliyekuwa kwa hiki kiti kabla yangu alifukuzwa kwa sababu ya jenereta. Jenereta moja. Mimi nina watoto watatu shuleni."

"Dakika kumi, Madam," Nakhumicha alisema. "Imebaki upande mmoja."

"Funga vitu vyako."

Saa sita na nusu alikuwa amerudi Huruma. Hodan aliona uso wake akajua.

"Ifunge hivyo hivyo," Hodan alisema. "Leo tu."

"Siwezi."

"Nitaendesha polepole."

"Hii haijali unaendesha aje. Siwezi, Hodan."

"Na mimi nimpigie mgonjwa wangu Mama Jeruto nimwambie asitoke? Jumatatu miguu ilikuwa imevimba hivi." Hodan alipanua viganja. "Akikosa leo, maji yanampanda kwa mapafu. Wewe unaongea mambo ya punje ya mchanga!"

Nakhumicha alikaa kwenye tairi kuukuu, akatazama chini ya gari. Kisha akainuka, akachukua kipande cha chuma bapa na kuanza kukichora kwa msumari.

"Nitaitoa turbo kabisa," alisema. "Hapa naziba na hiki chuma. Bomba la oili naziba na bolti. Hewa itaingia kwa injini moja kwa moja. Gari litatembea."

"Litatembea aje?"

"Kama mzee. Lakini litafika."

Alikata chuma, akakitoboa, akakifunga. Bolti ya kwanza haikushika uzi, na oili ikamrukia kidevuni. Ya pili ilishika. Saa nane kasoro dakika kumi injini iliwaka, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. Nakhumicha alipanda mbele bila kuulizwa.

Walimchukua Mama Jeruto mwisho, nje ya lango lake Kapseret. Alivaa ndala za mwanawe kwa kuwa zake hazikumwingia tena. Wagonjwa wenzake watatu walisogea akaketi.

Kwenye mlima gari lilipungua mwendo mpaka baiskeli iliyobeba mikebe ya maziwa ikawapita. Trela nyuma yao ilipiga honi bila kuachilia. Hodan alikuwa kwenye gia ya kwanza, ameuma mdomo. Nakhumicha hakuangalia barabara. Aliangalia mshale wa joto, uliokuwa unapanda taratibu, ukaipita nusu, ukagusa nyekundu.

"Washa hita," alisema.

"Na hili jua?"

"Washa. Itapunguzia injini joto. Fungueni madirisha."

Hewa ya moto iliwapiga miguuni. Nyuma, Mama Jeruto alikuwa anapumua kwa kinywa.

"Fundi," alisema, "nishuke nitembee? Niwapunguzie mzigo?"

"Kaa, Mama. Tunafika."

Mshale ulisimama pale pale kwenye nyekundu mpaka juu ya mlima, kisha ukaanza kushuka. Walifika hospitali saa tisa na dakika ishirini, na muuguzi aliyekuwa mlangoni akawahimiza waingie upesi. Mama Jeruto aliingia ameshikwa mkono huku na huku.

Hodan aliegemea usukani. "Jumatatu je?"

"Jumatatu kwa ule mlima, injini itakufa."

Nakhumicha alitoa kikapu chini ya kiti, akashuka.

Saa kumi na nusu alikuwa kwenye mlango wa Mildred. Wanafunzi walikuwa wanabeba magodoro kuelekea lango. Mildred alikuwa anafunga droo.

"Nilikuambia ulete cheti."

Nakhumicha aliifungua turbo, akaiweka mezani juu ya fomu. Duara la oili likaanza kukua kwenye karatasi ya juu.

"Wee! Hizo ni za serikali!"

"Leo nimebeba wagonjwa wanne na gari isiyo na turbo, Madam. Mmoja alitaka kushuka atembee mlimani. Anaitwa Mama Jeruto. Mwenye gari atakuja kuniuliza kwa nini turbo haijafungwa, na mimi sina jibu." Alisukuma kalamu kuelekea kwa Mildred. "Niandikie. Andika umenikataza dakika kumi za mashine, andika na sababu, piga muhuri. Nikipata hiyo barua, naenda; nisipoipata, nataka dakika zangu kumi."

"Siwezi kuandika kitu kama hicho."

"Kwa nini?"

Mildred aliangalia kalamu, akaangalia duara la oili, lililokuwa limefika kwenye karatasi ya pili. Hakuishika kalamu. Wala hakugusa ufunguo wa karakana, uliokuwa ukining'inia ukutani nyuma yake.

Nakhumicha alivuta kiti cha wageni, akaketi, akaweka mikono yake myeusi juu ya meza.

"Mimi nangoja, Madam," alisema. "Chukua wakati wako."