Topai za Wifi Latai

Mume wangu Siosaia hajui kusema uongo, na ndiyo maana nilichelewa kumshika. Mtu asiye na ufundi wa kitu, nani atamshuku?

Mwezi wa pili nesi Meliame wa zahanati yetu alimpima damu, akamwambia kipimo kimetoka asilimia sita nukta tatu.

"Si kisukari bado," alisema. "Lakini umeegemea uzio, mjomba. Ikifika sita na nusu umeshavuka."

Akatupa karatasi. Magimbi na viazi vikuu kipande cha ukubwa wa ngumi, mboga nusu sahani, samaki kwa wingi, chai bila sukari, na nyama ya kopo tuiage. Siosaia aliikunja karatasi ile akaitia ndani ya Biblia yake. Baba yake alizikwa bila mguu wa kushoto, uliokatwa kwa sababu ya kisukari. Kwa miaka minne kabla ya hapo alikuwa akienda kanisani mgongoni mwa Siosaia.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nikapanda pele, mboga yetu ya majani, nyuma ya jiko, nikawafukuza kuku wa jirani walioinyemelea, na Jumapili tanuri la ardhini lilipofunuliwa nikawa nampakulia mimi mwenyewe.

"Kalolaine, hili ni gimbi au kidonge?"

"Meza, unyamaze."

Gimbi halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa wifi yangu Latai, dada yake mkubwa, mjane, anayekaa ng'ambo ya barabara. Kila Jumapili baada ya ibada alileta bakuli la topai: madonge ya unga yaliyochemshwa, yakaogeshwa kwa tui na sukari iliyokaangwa mpaka ikawa ya kahawia. Harufu yake ilikuwa inafika kabla yake. Na kwetu kisiwani dada ni dada, cheo chake humpita kaka. Akileta, kaka hupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Mimi mke wa kaka niko chini zaidi, sina kibali hata cha kuinua jicho juu ya bakuli lake. Tena habari za mwili wa mwanamume hazitajwi mbele ya dada yake, hata akiwa na mafua.

Nikamwambia Siosaia, "Pokea, shukuru, kisha kawape nguruwe."

"Sawa," alisema.

Kila Jumapili alizunguka nyuma ya nyumba na bakuli, akarudi nalo tupu. Nami kwa ujinga wangu nikawa nawasifu nguruwe kwa kunenepa.

Miezi mitatu ikapita. Wiki ya mwisho kabla ya kurudi kupimwa, mume wangu alikula majani na samaki wa kuchemsha tu, mpaka nikamhurumia. Siku yenyewe akaenda bila kula kitu. Nesi akamchoma kidole: tano nukta tatu.

"Umeona?" Siosaia akanigeukia, meno yote nje. "Mzima kama kiboko cha mwalimu!"

"Ngoja, mjomba," Meliame akasema. Tone jingine la damu akalitia kwenye mashine nyingine, tukasubiri. Akaitazama, akaitazama tena. "Hiki ndicho cha miezi mitatu. Sita nukta nne. Umepanda."

"Mashine yako mbovu! Wiki nzima nimekula majani."

"Wiki nzima, ndiyo. Cha kidole kinasema ulivyoamka leo. Lakini sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama miezi mitatu. Kile cha kwanza ni mgeni, ameikuta nyumba imefagiliwa. Hiki ni jirani. Jirani utamficha nini?"

Siosaia akainamisha kichwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mume wangu ilikuwa na urefu wa miezi mitatu kamili.

Tulipotoka nje nikamsimamisha penye bomba la maji. "Nguruwe wamekula nini?"

"Kalolaine..."

"Nimekuuliza nguruwe wamekula nini!"

"Nilijaribu, mke wangu. Jumapili ya kwanza nilisimama bandani na bakuli, nguruwe wananitazama. Chakula cha mkono wa dada yangu, nikimwagie nguruwe? Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikala yote."

"Afadhali ungekuwa na mwanamke mwingine. Huyo ningempiga."

Alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio, mtu mzima yule, mbele ya watu waliokuwa wakichota maji. Nilimkasirikia sana, na sijawahi kumpenda kama siku ile.

Jioni nikajifunga mkeka wangu kiunoni, ule mzuri tunaouvaa kwa heshima misibani, nikavuka barabara. Nikakaa sakafuni karibu na mlango wa Latai, macho chini. Nikamwambia yote: uzio wa nesi, karatasi, nguruwe, ndoo. Nilikuwa nimevunja adabu zote nilizofundishwa na mama yangu, na nikangoja anifukuze.

Badala yake akaurudisha mlango, barabara isimsikie.

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili," alisema, "mumeo huyo akapelekwa kulala nyumba ya wavulana, kama desturi inavyowatenga kaka na dada. Tangu siku hiyo hatujakaa chumba kimoja tukapiga soga. Sijui kama anakoroma. Sijui anaota nini. Mume wangu alipokufa, kaka ndiye aliyechimba kaburi kwa mikono yake, na hakuniambia neno, kwa kuwa haifai. Najua anapenda topai, wifi. Katika yote yaliyomo ndani ya mtu yule, hilo ndilo nililoruhusiwa kulijua."

Akafuta uso kwa upindo wa gauni. "Kumbe nimekuwa nikimpikia ugonjwa wa baba."

"Hukujua, dada."

"Wewe ulijua!" Sauti ikapanda. "Umeogopa cheo changu kuliko kaburi lake?"

"Ndiyo, dada. Nimeogopa."

Alinitazama, nami nikamtazama, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita. Kisha akasema, "Lete hiyo karatasi ya nesi."

Jumapili iliyofuata bakuli likaja kama kawaida. Siosaia akafunua. Ndani mlikuwa na samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu, matango, nyanya, na tui la kulambisha tu. Akaelewa palepale kwamba dada yake anajua, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Akala bila kuinua uso. Latai naye alisimama barazani, mgongo kwetu, akijifanya anatazama mawingu, mpaka aliposikia kijiko kimegonga bakuli tupu ndipo akaondoka. Ikawa hivyo kila Jumapili, mara samaki, mara pele na pweza, mara papai bichi.

Mwezi wa nane tukarudi zahanati. Tukamkuta Latai kwenye benchi la nje. Amekuja kuangaliwa goti, alisema, na sikumbuki siku goti lile limewahi kumuuma.

Ndani, mashine ile ya miezi mitatu ikatoa tano nukta tisa.

"Umeshuka, mjomba," Meliame akasema. "Uzio bado uko karibu, usianze kujivuna. Lakini umerudi nyuma hatua kadhaa. Endelea hivyohivyo."

Tukatoka. Latai alikuwa amesimama, mkono kifuani, macho yake kwangu. Hakuweza kuuliza. Siosaia hakuweza kumwambia. Mume wangu akageuza uso akaelekea ukutani, nami niko ubavuni pake, nimeiona namba kwa macho yangu, akapaza sauti kama niko ng'ambo ya kisiwa:

"Kalolaine! Tano nukta tisa! Imeshuka, mke wangu!"

Latai akaketi ghafla.

"Wifi," aliniambia, "mwambie mumeo topai atapikiwa tena siku akitimiza miaka themanini. Donge moja."

Kati yao palikuwa na hatua tatu tu. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, neno kwa neno.

Hakuutoa uso ukutani. "Mwambie nitafika," alisema. "Mwambie na yeye awepo."