Taa ya Mjusi wa Delmar

Verna Skaggs alitoka mbio ndani ya trela alimokuwa akiishi kaka yake, akashika ukingo wa ngazi za mbao na kutapika juu ya majani makavu. Bwana Tackett, msimamizi wa kambi ya trela, alibaki mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akimtazama kama mtu anayengoja manyunyu yapite.

"Nilikuonya, Bi Verna. Kakako na usafi walikuwa mbalimbali."

Verna alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Kazi yake ilikuwa kufua katika nyumba ya wazee. Mashuka yenye kila uchafu unaoweza kutoka kwa binadamu yalipita mikononi mwake kutwa nzima, kisha akaketi kula mkate wake wa mahindi bila hata kukunja pua. Lakini ule ulikuwa uchafu wa watu baki. Huu ulikuwa wa Delmar, na yeye na Delmar walinyonya ziwa moja.

Mapafu ndiyo yaliyomuua, hospitalini, wiki iliyopita. Tackett alikuwa ametia kufuli mlangoni siku ileile alipochukuliwa, na friza likafia ndani, na nyama yote ya kulungu iliyokuwemo ikageuka mchuzi. Mchuzi huo ulikuwa umevuja hadi kwenye zulia. Nzi walikuwa wamekula, wamezaa, na watoto wao sasa walikuwa wakitambaa chini ya kochi.

Verna alifunga leso puani, akarudi ndani. Hapo ndipo alipoona kizimba.

Kilikuwa cha mbao na waya, kimekula nusu ya sebule. Ndani yake alilala mjusi mkubwa, mrefu kama mtoto wa miaka sita ukihesabu na mkia. Ngozi ilikuwa na rangi ya majivu. Taya lake la chini lilikuwa limevimba kama soksi iliyojazwa mchanga, na miguu ya mbele ilitetemeka bila kukoma, kama ya mlevi asubuhi.

"Mungu wangu!" Verna alirudi nyuma hadi ukutani. "Kenge huyu ni wa nini?"

"Nilidhani ameshakufa," Tackett alisema. "Usijali. Nina koleo kwenye gari. Pigo moja tu."

"Basi lete."

Tackett akatoka. Verna akabaki peke yake na yule mnyama, na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama pasipotambaa funza, alimtazama. Juu ya kizimba ilining'inia taa iliyoungua, kioo chake cheusi. Mjusi alikuwa amejilaza chini yake kabisa, ameinua uso kwa shida, amefumba jicho moja. Taa haikuwa na hata joto. Lakini pale ndipo alipochagua, na alikuwa akingoja iwake.

Halafu akasikia mluzi. Tackett alikuwa akirudi na koleo begani, kikombe bado mkononi, akipiga mluzi kama mtu anayekwenda kupanda viazi. Verna hakuweza kueleza baadaye kwa nini, lakini mluzi ule ulimchukiza kuliko nyama iliyooza.

"Rudisha hilo koleo."

"Si umeniambia mwenyewe..."

"Nimekuambia, na sasa nakuambia lingine. Ni mali ya kaka yangu."

"Mali!" Tackett alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Haya, dada wa marehemu. Kesho adhuhuri nataka trela tupu. Wewe, kenge wako na funza wenu."

Alipoondoka, Verna alivuta kasha lililokuwa kando ya kizimba. Lilikuwa limejaa balbu kubwa kubwa, kila moja imefungwa kwenye soksi kuukuu. Akatoa ile iliyoungua, akaweka nyingine, akabonyeza swichi. Katika kichupa kidogo kilichokuwa ndani ya balbu kulitokea mng'ao wa zambarau upande mmoja, hafifu kama kiberiti nyuma ya pazia. Ukabaki hivyohivyo. Akajaribu ya pili. Ni yaleyale.

"Takataka," alisema kwa sauti. "Hata taa zake ni takataka."

"Si takataka, mama. Unazilazimisha tu."

Mlangoni alisimama mzee aliyevaa ndara na ovaroli, mkononi ana fungu la majani ya haradali. Alijitambulisha: Ludie Combs, jirani wa trela ya pili, zamani fundi wa taa kwenye yadi ya mgodi wa makaa. Yeye ndiye aliyekuwa akimtupia mjusi majani kupitia dirisha lililovunjika.

"Nikaichomeke kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo?" Verna aliuliza. "Ule umeme una nguvu zaidi."

"Ukitaka vipande vya kioo usoni, sawa." Mzee alipiga magoti kwa kuguna, akainua balbu mbili kwenye mwanga wa dirisha. "Tazama. Zote ni za zebaki, za mabanda ya kuku na vituo vya petroli. Delmar aliziokota walikokuwa wakibomoa. Hii ina kichupa peke yake ndani. Ya namna hii inataka choki yake nje, kile kifaa cha kuzuia umeme usiizidi, la sivyo itakukodolea macho tu. Na hii?"

Verna alisogeza uso. Kando ya kichupa palikuwa na waya mwembamba uliosokotwa kama springi ya kalamu. "Ina waya."

"Huo waya ndio choki yake. Kaibeba tumboni. Na imeandikwa volti za nyumbani, umeona? Hiyo waiwasha hivihivi."

"Basi weka hiyo."

"Bado. Hii itampa joto na mwanga, basi. Kioo chake kinazuia ule ukali wa jua, na huyu bila ukali wa jua mifupa yake inayeyuka. Ndiyo maana taya liko hivyo. Tunatafuta inayoupitisha: yenye waya, mgongo wa fedha, uso mweupe. Delmar alikuwa na moja ya akiba. Ile ya zamani iliendelea kuwaka huku nguvu yake imekwisha, naye hakujua mpaka mnyama alipoanza kutetemeka. Alipoanza kuitafuta akiba, pumzi ikamkatika."

Wakafungua soksi moja moja. Soksi zilinuka. Verna alizishika kwa ncha za vidole, akilaani, hadi mgongo wa fedha ukang'aa. Ludie akaikagua, akaifunga kwenye holda ya kauri, akabonyeza.

Waya uliwaka kwanza, njano kama taa ya jikoni. Kisha kichupa kikaanza kujibu taratibu, na weupe wenye ubuluu ukapanda. Mjusi akafumba macho yote mawili.

"Nani anawasha umeme wangu?" Tackett alikuwa mlangoni tena. Kabla hawajageuka, alinyoosha mkono, akazima swichi ukutani, akaenda zake akinung'unika juu ya bili.

Verna aliruka, akawasha. Waya ukatoa wekundu; kichupa kikakataa.

"Ameiua! Mwana wa haramu ameiua!"

"Zima. Ikishapata moto haikubali mpaka ipoe. Tungoje."

Wakakaa, yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa, mzee sakafuni, katika uvundo ule.

"Mtu mzima anaishi hivi," Verna alisema. "Anatunza kenge, lakini mazishi ya mama yake hakuja."

"Alikuja."

"Usinidanganye, mzee."

"Nilimpeleka mimi. Tulikaa garini ng'ambo ya kanisa. Alikuwa na tai na kila kitu. Lakini alikuwa ametoka kwenye kazi yake ya kukamata kuku mabandani usiku kucha, na unajua harufu ile haitoki kwa sabuni. Akasema, 'Verna atanisikia harufu kabla sijafika kwenye jeneza.' Wimbo wa mwisho ulipoisha, tukarudi."

Verna alifungua mdomo amkanushe. Lakini kweli, angemsikia. Angekunja pua mbele ya watu wote, kisha angesogea kiti kimoja pembeni. Akaifungua leso puani, akaitia mfukoni.

"Jaribu," Ludie alisema.

Akabonyeza. Njano, kisha weupe polepole.

"Huyu kenge jina lake nani?"

"Kila wiki alikuwa na jingine. La sasa ni amri yako."

Verna alichukua jani la haradali, akafungua mlango wa waya, akaingiza mkono. Shingoni mwa mjusi, pale mwanga ulipoangukia, chini ya rangi ya majivu, kijani kilikuwa kimeanza kuonekana, hafifu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.