Sufuria ya Anayekataa

Sufuria ile ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu wengi waliokuwepo ukumbini siku ile wanadhani ilikuja na wageni, na mimi sipendi kitu changu kisifiwe kwa jina la mtu mwingine. Ina mkono mmoja, wa pili uling'oka zamani, na aliyeichukua jikoni kwangu bila hodi ni mwanangu, Gundi.

Gundi si jina alilopewa, ni jina alilojitafutia. Alipokuwa mdogo alikuwa haliachii gauni langu. Sokoni yupo, kazini yupo, nikienda chooni anakaa mlangoni ananisubiri na kuniita. Majirani wakamwita Gundi, likamganda. Sasa ana ndevu, anauza magodoro katika duka kubwa, na bado analala chumba kilekile kilicho pua na mdomo na changu. Baba yake alitutoka siku nyingi. Tumebaki wawili: mimi na cherehani yangu ya kushonea mapazia, yeye na makelele yake.

Makelele yenyewe ni kikundi cha vichekesho, wanajiita Papo kwa Papo. Hawaandiki kitu, hawakariri kitu. Wanapanda jukwaani mikono mitupu, wanamwomba mtazamaji awatajie mahali, na hapohapo wanaanza kuigiza. Mazoezi wanafanyia sebuleni kwangu. Stuli zangu zimekuwa farasi, zimekuwa lifti, zimekuwa vitanda vya hospitali, na sasa hakuna hata moja inayosimama sawasawa.

Wana sheria moja, na Gundi anaihubiri mpaka mimi nimeijua nikiwa nyuma ya cherehani: usikatae. Mwenzako akikuambia wewe ni daktari, ndiyo, wewe ni daktari. Akisema mguu wako ni wa mbao, anza kuchechemea. Unasema "ndiyo" kupokea alichokupa, halafu unasema "tena" na kuongeza la kwako. Anayesema hapana ameua mchezo. Anavikwa sufuria kichwani, anakaa pembeni hadi mchezo uishe.

Basi mtu huyohuyo, bingwa wa kupokea, nilipomwambia habari za fundi saa alisema hapana kabla sijameza mate.

Fundi saa ana kibanda karibu na posta. Alifiwa na mkewe, ana kucha safi, na akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanatikisika. Mara ya kwanza alikuja kunitengenezea saa ya ukutani, na saa ilikuwa mbovu kweli. Mara ya pili haikuwa mbovu sana. Baada ya hapo, nisiwe mwongo, kila Ijumaa nilikuwa naichomoa betri mwenyewe, naificha kwenye kopo la vifungo, halafu namtumia ujumbe: fundi, saa imekufa tena. Anakuja na begi lake, anaifungua, anaikodolea macho, anasema, "Hii inahitaji uangalizi wa karibu," anakunywa chai. Mtu na ufundi wake hajui kwamba hamna betri? Anajua! Lakini hakunifedhehesha hata siku moja.

Siku moja akaweka bisibisi mezani, akasema, "Mama Gundi, mimi nataka kuhamia karibu na saa hii."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nikamwambia mimi niko tayari, sina haja ya kujizungusha kwa umri huu. Lakini na yeye ana msimamo wake. "Siingii nyumba ya watu kupitia dirishani," akasema. "Mwanao anifungulie mlango kwa mkono wake, ndipo nitaingia." Akaniambia pia kwamba binti yake anamwita akaishi kwake, mji wa mbali, na kwamba kibanda kimeshapata mtu wa kukinunua. Ameahidi kumjibu binti Jumatatu.

Nikamwendea Gundi.

"Mwanangu, kuna jambo la fundi—"

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Hapana, mama. Katakata."

Nikajaribu kwa upole, hapana. Nikampikia anachokipenda, akala, akafuta mdomo, akasema ahsante, na hapana. Nikapandwa na mori: "Si ndiyo wewe unayewafundisha wenzako wapokee halafu waongeze?"

"Ule ni mchezo, mama."

Mganga hajigangi. Nilimtazama yule mtu mzima na ndevu zake nikatamani kumrudisha tumboni nimzae upya.

Jumamosi ikafika na tamasha lao. Vikundi vya hapa petu vilikuwepo, na wageni walikuwa wametoka mbali, wote wamevaa viatu vya njano. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, na ndiye aliyekabidhiwa kengele ya kumpigia anayekataa, pamoja na sufuria yangu. Mimi nilipewa kiti cha mbele kwa kuwa pazia la jukwaa nimelishona mimi. Lilikwama upande mmoja tangu asubuhi. Hilo ni kosa la reli waliyonunua, si la mshono, na nimeshalisema kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. Fundi saa alikaa nyuma kabisa, shati limenyooshwa, mikono juu ya magoti.

Jamani, Gundi anajua kazi. Sitamnyima haki yake. Mgeni mmoja akamwambia yeye ni mbuzi, akawa mbuzi, akala tiketi ya mtu wa mstari wa kwanza. Akaambiwa amemeza simu ya bosi wake, akaanza kuita tumboni na kujipokea kwa adabu. Mwisho Viatu vya Njano, yule mwanamke mrefu, akamwonyesha ngazi ya mafundi wa taa iliyoegemezwa ukutani, akasema, "Shemeji, huyu si mke wako?" Gundi hakupepesa. "Ndiyo! Tena tumetimiza mwaka, na bado sijamfikia moyoni, kila siku napanda kidogo!" Akaikumbatia, akaiombea radhi kwa wakwe. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Mimi nilicheka na kuvimba kwa wakati mmoja. Ngazi ameioa! Fundi saa, binadamu mwenye miguu yake na heshima zake, hapana!

Mchezo wa mwisho ulikuwa wa kuchanganya: mgeni mmoja, mwenyeji mmoja, na mtazamaji mmoja wa kujitolea. Mwenyeji alikuwa Gundi. Viatu vya Njano akauliza nani ana moyo wa kupanda. Miguu yangu ilisimama kabla sijaishauri.

"Mama, kaa chini," Gundi akanong'ona kutoka jukwaani, na ukumbi mzima ukamsikia.

"Sheria ni kupokea," Viatu vya Njano akamwambia, akanishika mkono kunipandisha. "Tupeni mahali!"

"Duka la viatu!" mtu akapiga kelele.

Mgeni akawa rafu ya kuwekea viatu, akanyoosha mikono na kutulia kimya, mtu mwenye kipaji chake. Gundi akawa muuzaji. Mimi nikaingia dukani kwa madaha, nikitazama huku na huku.

"Karibu, mama," akasema kwa ile sauti yake ya magodoro. Macho yake yalikuwa yananiambia: usithubutu.

Nikathubutu. "Nataka viatu vya harusi."

"Ndiyo! Tena umekuja siku njema, vya harusi leo vinatembea vyenyewe!" Akaanza kuvikimbiza viatu visivyoonekana jukwaa zima, akavinasa viwili chini ya ile rafu. Watu hoi.

"Harusi yenyewe ni yangu."

Akasimama kidogo. "Ndiyo... tena bibi harusi tunampa soksi bure."

"Na bwana harusi yupo pale nyuma. Ni fundi saa."

Vichwa vyote viligeuka. Maskini fundi alinyanyuka nusu, akakaa, akanyanyuka tena, akapunga mkono kwa aibu. Gundi akafungua mdomo. Nililiona lile neno likija, nalijua mwendo wake. Viatu vya Njano naye aliliona, akainua sufuria juu, na ukumbi mzima ukavuta pumzi.

"Ndiyo!" Gundi akapaza sauti. "Ndiyo, tena mimi ndiye nitakayemshika mama mkono! Tena nitacheza mpaka soli zing'oke! Tena keki nitakata mimi, maana bwana harusi akishika kisu atatafuta betri!"

Makofi, miluzi, vigelegele. Jirani yangu alikuwa amesimama juu ya kiti. Nilikuwa nimelipata nililolitaka, mbele ya mashahidi ukumbi mzima.

Ila nilimtazama mwanangu usoni. Ule uso niliujua, ndio uleule alioikumbatia nao ngazi. Meno yote nje, na macho yamekwenda kwingine. Jumatatu angeniambia ule ni mchezo, mama, na angekuwa mkweli. Furaha yote ikaniisha. Nikaona aibu kumvizia mtoto wangu mbele za watu na kumkamua neno.

"Hapana," nikasema.

Kengele ikalia. Viatu vya Njano akasita, nadhani kwa kuonea haya umri wangu, lakini sheria ni sheria. Akanivika sufuria, akanikalisha kwenye benchi la pembeni. Ilinukia vitunguu vyangu mwenyewe.

"Hapana, Gundi," nikasema nikiwa chini ya sufuria. "Hiyo ni ndiyo ya ngazi. Kaa nayo. Mimi nataka ndiyo ya nyumbani. Kama huna, sema huna, nijue moja."

Watu walicheka, halafu wakaacha. Gundi alikuwa bado ameshika vile viatu visivyoonekana, kimoja kila mkono. Akainama, akaviweka chini polepole, akavipanga visigino pamoja.

"Sina, mama," akasema, na haikuwa sauti ya muuzaji wala ya mbuzi. "Nimeitafuta, sina. Akihamia yeye, mimi pale ndani nitakuwa nani? Mpangaji?"

Siku zote zile nilidhani ana kiburi, kumbe anaogopa. Viatu vya Njano alipiga kengele taratibu, maana na yeye Gundi alikuwa amekataa, na Gundi akaja kukaa kwenye benchi la adhabu ubavuni mwangu. Sufuria ilikuwa moja. Nikaivua, nikamvika yeye.

"Mjinga wewe," nikamwambia. "Nimekulea hadi ndevu, leo nikupangishe chumba? Nafasi yako haina mtu wa kuikalia. Hata wewe mwenyewe umeshindwa kuiacha."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, nikampigapiga mgongoni kwa vyote viwili.

"Ndugu watazamaji," Viatu vya Njano akatangaza, "duka la viatu limefungwa kwa sababu za kifamilia!" Ukumbi ukalipuka. Rafu ikashusha mikono, ikafuta machozi. Wakavuta pazia, na pazia likakwama palepale lilipokuwa limekwama, ikawa watu wote wanaendelea kututazama mimi na mwanangu tumekaa benchini na sufuria yetu. Nikawaambia ni reli.

Nyumbani nilimpakulia chakula. Alikula, akafuta mdomo, akasema ahsante. Nikangoja lile neno jingine, halikuja. Nilijilaza nikimwaza fundi na binti yake, na jinsi kibanda kile kitakavyokuwa na mtu mwingine anayeuza vocha.

Jumapili niliamka nikaona sebule imenyamaza kupita kiasi. Nikaangalia ukutani. Saa ilikuwa imesimama. Sikuigusa mimi, tena haikuwa Ijumaa. Nikaenda kwenye kopo la vifungo, nikachokonoa kwa kidole, na betri ilikuwemo.

Gundi alikuwa amekaa juu ya stuli mbovu, simu mkononi, anatazama dari.

"Mama, saa imekufa tena," akasema.

"Imekufaje?"

"Sijui. Si inakufaga? Nimeshamwita fundi."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani. "Tangu lini unajua habari za kopo?"

"Mama. Nyumba yenyewe hii ndogo."

Hodi ikapigwa. Nikanyanyuka kwa mazoea, nikiishika kanga yangu vizuri.

"Kaa," akasema. "Nafungua mimi."

Lakini hakwenda mlangoni moja kwa moja. Alipitia jikoni kwanza. Nikasikia vyombo vinagongana, na alipotokeza alikuwa amejivika sufuria mwenyewe, mkono mmoja umening'inia sikioni. Alisimama mlangoni kitambo, kiganja juu ya komeo. Hodi ikapigwa tena, kwa adabu. Akavuta komeo, akafungua mlango wote.

Fundi saa alikuwa pale na begi lake. Alimtazama Gundi, akaitazama sufuria, akanitazama mimi kwa mbali.

"Ndiyo, fundi," Gundi akasema. Akakohoa. "Tena ingia."

Fundi akajifuta viatu kwenye mkeka, kimoja kwa kimoja, bila haraka. "Naona na hiyo sufuria imeng'oka mkono," akasema. "Nayo nitaitazama."