Kivuli cha Nyuzi Sita

Mwanamke mwenye gitaa alikuwa kila mahali Kariakoo, na karibu hakuna aliyejua kwamba ni mwanamke. Alibandikwa kwenye vioo vya bajaji, alichapwa kwenye fulana na kofia, na kule Mchikichini mafundi wa kughushi walikuwa wamekwisha mtia hata kwenye soksi. Kivuli cheusi tii, miguu imetanuka kama ya mtu anayezuia ng'ombe asitoke zizini, kichwa kimeinama, shingo ya gitaa imechomoza mithili ya mkuki. Chini yake maneno mawili: Nyuzi Sita. Ukimuuliza kijana wa bajaji huyu ni nani, atakwambia bila kupepesa macho kwamba ni jamaa mmoja wa roki, Mzungu, alikufa zamani.

Hafidhi, mhariri wa jarida la Nyuzi Sita, alijua ni nani. Alilelewa na kivuli hicho. Kilimwogesha, kilimpeleka chuoni akasome juzuu, na siku alipotoroka shule kilimtandika kwa ufagio wa chelewa mpaka Mtaa wa Narung'ombe wote ukasikia. Jina lake Bi Mwanne, dada mkubwa wa marehemu mama yake, na Hafidhi hakuwahi kumwita ila Mama Mkubwa.

Zamani hizo Bi Mwanne alikuwa binti wa Lindi aliyepiga gitaa la umeme katika bendi ya vijana, na watu walikuja dansini kuhakikisha kama kweli. Mumewe, Shaibu, alikuwa kibarua wa kiwanda cha uchapaji. Magazeti ya wakati ule hayakuwa na nafasi ya vijana wenye nywele kama tenga na suruali za bugaluu, basi Shaibu akasema, kama hawatuandiki tutajiandika wenyewe. Kamera hawakuwa nayo. Usiku mmoja umeme ulikatika, akamsimamisha mkewe na gitaa lake mbele ya kandili, akachukua kaa la moto lililozimika, akachora ukutani kufuata kivuli chake. Hilo ndilo likawa jalada la kwanza. Nakala ziliuzwa mkono kwa mkono Mnazi Mmoja, kwa watu wapitao kwenda dansini, na wino wake ulibaki vidoleni kama hina.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Bi Mwanne. Kila toleo alitega kitendawili, na jibu lilikuja toleo lifuatalo. Wapo waliolinunua jarida kwa ajili ya kitendawili tu, roki wakaijulia humo humo. Ikazuka na desturi. Siku ya kuchapa, mzigo hautoki mpaka nakala ya kwanza ifike mikononi mwa Bi Mwanne. Ataleta ming'oko ya kuchemsha, maana siku ya toleo la kwanza hapakuwa na chakula kingine ndani ya nyumba; atalowesha kidole gumba kwa ulimi, atafungua kuanzia nyuma, kisha atawatega wapagazi pale pale ngazini. Wakishindwa, wampe mji. Akishapewa mji ndipo mzigo unaposhuka. Kwa miaka yote hiyo alikwisha miliki miji yote ya Tanzania, akaanza ya Kongo.

Shaibu alifariki, bendi zikafa moja moja, na jarida likabaki mikononi mwa Hafidhi kama mtoto mwenye degedege. Hakulala, lazima tumpe haki yake. Akaliingiza mtandaoni, akaanzisha tamasha, akachapisha fulana. Akatafuta kanda kuukuu ya ile bendi, akakata kipande kidogo cha gitaa la Bi Mwanne, noti zinazopanda kama mtu akimbiaye ngazi, akakifanya mlio wa kutambulisha kila kitu chao. Siku hizi simu moja ikiita sokoni, wanapapasa mifuko watu kumi.

Ila chapa ikikua, hutafutiwa nasaba. Mgeni mmoja alimuuliza jarida lilianzaje, na Hafidhi alipofungua kinywa, pua yake ikasikia mafuta ya taa, akaona chumba kimoja chenye kitanda, jiko na mashine ya kudurufu. Akasikia haya. Akasema lilianzishwa na vijana watatu waliorudi kutoka Ulaya na santuri mkobani. Uongo ule ulimtoka mwepesi kama chafya, na mgeni akapendezwa. Tangu hapo ukaandikwa ukutani ofisini, na sasa ulikuwa umechapwa katika toleo la kumbukumbu.

Tena hilo lilikuwa dogo. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameuuza. Kampuni iliyotaka kulidhamini jarida ilisema inataka tangazo lake mahali ambapo wasomaji huanzia, nao hawakukosea. Bi Mwanne alikuwa hajaambiwa. Jana yake Hafidhi alimpigia: "Mama Mkubwa, mashine imeharibika. Kesho usijisumbue, nitakuita."

Asubuhi hiyo mdhamini mwenyewe alikuja ofisini. Dada Jacqueline, mwanamke wa Kilimanjaro mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuwa amesimama mbele ya kile kivuli, kilichochorwa ukutani kikubwa kama mlango, akisikiliza habari za vijana watatu wa Ulaya.

"Na huyu hapa?" aliuliza. "Ni mmoja wao?"

"Huyo ni mwanamuziki asiyejulikana," Hafidhi alisema. "Ni alama tu."

"Hodi humu!"

Sauti ile ingemwamsha hata akiwa kaburini. Bi Mwanne aliingia akihema kwa ngazi, baibui limefunikwa kanga mabegani, hotipoti kifuani. Nyuma yake alikuja Ansbert, mgawaji wa jarida, amembebea mkoba na anacheka.

"Nimepita pale kwa wachapaji," alisema Bi Mwanne, "nikasikia mashine inanguruma. Nikasema, alhamdulillahi, imepona."

Jacqueline aligeuka, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa kwao. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kisha Bi Mwanne akamgeukia Hafidhi. Akangoja. Ilikuwa zamu ya Hafidhi, na shikamoo ilikuwa tayari ulimini. Hajawahi kumnyima tangu alipojua kusema. Lakini aliona jinsi mambo yatakavyofuatana: shikamoo Mama Mkubwa, huyu ni mama yako, mama ndiye huyo ukutani, je, na vijana wa Ulaya? Uzi mmoja ukivutwa, nguo yote inafumuka.

"Huyu ni mama wa chakula," alisema. "Weka tu pale mezani, mama."

Ansbert aliacha kucheka.

Bi Mwanne hakushtuka, laiti angeshtuka. Alimtazama kijana wake kwa muda wa kufumba na kufumbua, kama atazamavyo mtu bei ya kitu ambacho jana alikijua kwa bei nyingine. Halafu akaenda mezani, akafunua hotipoti, akawapakulia.

"Hii ni nini, mama? Sijawahi kuiona," Jacqueline aliuliza.

"Ming'oko, mwanangu. Mizizi ya kusini, huchimbwa porini. Kula na chumvi na pilipili. Ukiitafuna inakujibu."

"Tamu! Unapika hapa siku zote?"

"Siku za kuchapa."

"Kumbe unalijua jarida lenyewe?"

Hafidhi alijikuta anakata kucha kwa meno. Bi Mwanne alifuta ukingo wa sahani kwa pembe ya kanga. "Nalisikia tu," alisema.

Alimstiri. Hilo ndilo lililomchoma. Angemuumbua, Hafidhi angepata pa kukasirikia. Na kama vile haijatosha, Jacqueline, kwa wema wake, akachukua fulana mpya kutoka kwenye boksi la zawadi, akaikunjua, kivuli kikafunguka hewani. "Chukua hii, mama. Mpelekee mjukuu."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama kidogo, akaikunja. Hakuomba nakala ya kwanza. Ansbert alikuwa ameishika kwapani, naye hakujua aitie wapi. Bi Mwanne akampita, akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani.

Mgeni alipoondoka, mikono imepeanwa na mambo yamekuwa mazuri, Ansbert aliiweka ile nakala mezani.

"Kaka, kama yule ni mama wa chakula, mimi nani? Mpiga deki?"

"Ansbert, usianze."

"Mimi sianzi, namaliza. Gari liko chini. Wapagazi wamekaa ngazini, wananiuliza bibi yuko wapi, hawajategwa. Niwaambieje?"

"Waambie wapakie."

"Waambie mwenyewe," alisema Ansbert. "Mimi mji wangu sijautoa."

Hafidhi alibaki peke yake na hotipoti. Alijaribu kujitetea, na hoja zilikuja nyingi: mishahara, kodi ya ofisi, hata dawa za presha za Bi Mwanne zilitokana na fulana hizo hizo. Kila moja ilikuwa ya kweli. Lakini aibu haijui hesabu. Ni kama mwiba wa samaki kooni, unaweza kuushushia wali wa sherehe nzima nao umekaa pale pale. Aliichukua nakala ya kwanza, akashuka. Wapagazi ngazini walimpisha kimya kimya, kama wanavyopisha jeneza.

Nyumba ya Bi Mwanne ilikuwa mojawapo ya zile chache zilizosalia chini chini baina ya maghorofa ya maduka ya jumla. Alimkuta ameketi kwenye mkeka chumbani, anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amevaa ile fulana juu ya dera.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Mkono haukusita kwenye ungo. "Ile ya asubuhi au ya sasa?"

Hafidhi alitafuta pa kuweka macho. Yakaenda ukutani, mahali ambapo marehemu Shaibu alichora kwa kaa. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa kila Idi tangu wakati ule, lakini yeye alipajua, kama ulimi ujuavyo pengo la jino.

"Zote mbili," alisema.

"Marahaba basi. Moja moja." Akajivuta upande kumpisha akae. "Imenibana kwapani hii. Mjukuu mwenyewe sina, nikasema nivae. Yule mtoto kanipa kwa moyo."

"Mama Mkubwa, mimi nili..."

"Umeleta?"

Akampa jarida. Bi Mwanne akasukuma ungo, akavaa miwani, akalowesha kidole gumba kwa ulimi. Hafidhi alitaka kumshika mkono. Hakuthubutu. Jarida likafunguliwa kuanzia nyuma, na tangazo la kampuni likang'aa usoni mwa bibi yule: kijana anacheka, simu mkononi. Alilitazama kwa muda mrefu. Alilipapasa, akapindua ukurasa, akarudi tena kuhakikisha kama kurasa zimegandana.

"Karatasi nzuri," alisema mwishowe. "Shaibu angeipenda karatasi hii."

Nje mkokoteni ulipita, mwenyewe akipiga mluzi kuomba njia. Bi Mwanne alivua miwani.

"Kitendawili," akasema.

Sauti ya Hafidhi ilitoka kama ya mtoto. "Tega."

"Juani tunaongozana, tukiingia kwa watu hanijui."

Hakikuwa kitendawili kigumu. Alimtegea hicho hicho alipokuwa mdogo, mkono kwa mkono wakienda sokoni, naye akajibu huku akirukaruka, akikikanyaga kile kitu chenyewe chini ya miguu yake. Jibu lilikuwa limekaa wazi mbele yake, hata limechapwa kifuani pa fulana. Akafungua kinywa, akaona kwamba akilisema atakuwa amejitaja.

"Nimeshindwa, Mama Mkubwa."

Bi Mwanne alimtazama, akajua kwamba hakushindwa. "Nipe mji."

"Chukua Lindi."

"Lindi niliitoka kwa miguu yangu. Nipe mji."

"Kariakoo."

"Haya, hiyo naichukua." Akajiweka sawa, akakunja mikono mapajani, akaanza kama aanzavyo mtegaji aliyepewa mji. "Nikaenda Kariakoo. Nikafika Kariakoo, nikapanda ngazi, magoti yakalia lakini nikapanda. Nikabisha hodi, nikakaribishwa na binti wa watu, akanipigia goti. Wakala chakula changu, wakakisifu. Nikavikwa nguo mpya. Watu wa Kariakoo wema, hawakunifukuza. Na nilipotaka kuondoka, wakaniambia..."

Akanyamaza. Hapo ndipo jibu hutajwa, na tangu Hafidhi azaliwe Bi Mwanne hakuwahi kuliacha jibu njiani.

"Wakaniambia nini?" Hafidhi aliuliza, akijua haulizi.

Simu yake ikaita juu ya mkeka, baina yao wawili. Ansbert. Gari lilikuwa bado liko chini, wapagazi ngazini, nakala zote zimefungwa kamba zikingoja neno moja. Noti za gitaa zikajaa chumbani, zikipanda, zikipanda kama mtu akimbiaye ngazi.

"Pokea," alisema Bi Mwanne. "Watu wako wanakuita."

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha inuka bila kuambiwa, vidole vyenye mafundo ya uzee vikitafuta nyuzi hewani, mbele ya kile kivuli cha kifuani. Vilichelewa kidogo, vikadaka noti, vikachelewa tena. Macho alikuwa ameyafumba.

Hafidhi hakupokea. Mlio ulipokatika alibaki ameiangalia simu, akiomba Ansbert asichoke, apige tena.